Mtoto Dirishani: Mchezo wa Yatima wa Warsaw

Wengi wenu, hasa ninyi mkaao upande wa Arusha na Meru, mmepata kusikia habari za Wapolandi wa Tengeru. Walianza kufika huko mwaka 1942, nao walikuwa watu wapata 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliofukuzwa makwao kwa ajili ya vita. Walikaa miaka kama kumi, wakalima, wakajenga shule na kanisa, kisha wakatawanyika. Makaburi ya wenzao yako Tengeru hata leo.

Basi leo twende tukautazame mji mkuu wa nchi yao, Warsaw. Hatuendi kushangaa majumba. Tunafuata habari ya mchezo mmoja wa kuigiza, uliochezwa na watoto katika mji huo mwaka ule ule wa 1942. Wachezaji walikuwa yatima, tena wenye njaa, wamefungiwa nyuma ya ukuta. Mchezo wenyewe ni habari ya mtoto aliyezuiliwa chumbani, akasafiri duniani kwa mawazo yake tu. Tukiwa njiani tujiulize swali hili: mtoto asiye na chakula, mchezo wamfaa nini?

MJI ULIOFUFUKA

Warsaw ni mji uliojengwa kandokando ya mto mpana uitwao Wisła. Wakati wa baridi theluji huanguka, na watu huvaa makoti mazito. Anayefika katika mtaa wa zamani huona nyumba nzuri za rangi ya manjano, nyekundu na kijani, akadhani zimesimama hapo miaka mia tatu au nne. Sivyo. Karibu zote zilijengwa upya baada ya vita, kwa maana mwaka 1944 majeshi ya Hitler yaliuchoma na kuubomoa mji huu nyumba kwa nyumba. Mafundi waliojenga upya walitazama michoro ya kale, pamoja na picha za Bernardo Bellotto, mchoraji Mwitalia wa miaka ya 1700, aliyezichora njia na nyumba za Warsaw kwa uangalifu mwingi. Penye kifusi wakaona nyumba kwa macho ya moyo, kisha wakaziinua.

Katikati ya mji pana jengo moja kubwa mno, lenye urefu wa mita 237 kwenda juu. Huitwa Jumba la Utamaduni na Sayansi. Lilimalizika mwaka 1955, nalo lilitolewa na Warusi. Ndani yake mna ukumbi wa michezo ya watoto uitwao Lalka, maana yake mwanasesere. Hapo wazazi huwaleta watoto wao kutazama vikaragosi vikicheza na kusema.

Watoto wale wanaocheka humo, pengine hawajui ya kwamba mahali lilipo jumba hilo palikuwa na njia nyembamba na nyumba nyingi za matofali. Njia moja iliitwa Sienna. Nyumba nambari 16 ya njia hiyo ilikuwa makao ya mwisho ya watoto yatima wa Daktari Korczak. Mchezo wetu ulichezwa humo.

DAKTARI WA WATOTO

Daktari huyu jina lake la kuzaliwa ni Henryk Goldszmit, ila aliandika vitabu kwa jina la Janusz Korczak, na kwa jina hilo ndivyo ajulikanavyo duniani. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Warsaw. Alisomea uganga wa watoto, akawa daktari mwenye sifa, angeweza kabisa kuishi kwa raha. Lakini mwaka 1912 aliingia kuongoza nyumba ya yatima wa Kiyahudi katika njia ya Krochmalna, akakaa humo pamoja nao, chumba chake kikiwa darini. Msaidizi wake mkuu alikuwa mwanamke mmoja shupavu, Stefania Wilczyńska, naye alikuwa kama mama wa nyumba ile kwa miaka thelathini.

Nyumba hiyo ya kwanza ipo hata sasa, ila dari ya daktari haipo tena, maana iliungua vitani. Anayefika huiona imesimama pembeni mwa njia iitwayo siku hizi Jaktorowska.

Malezi ya Korczak yaliwashangaza watu wa siku zile. Watoto wake walikuwa na baraza lao la hukumu. Mtoto aliyeonewa na mwenzake, au hata na mwalimu, aliweza kumshitaki hapo, na waamuzi walikuwa watoto. Daktari mwenyewe alipata kushitakiwa humo. Tena mwaka 1926 alianzisha gazeti lililoandikwa na watoto wenyewe. Alitunga pia hadithi ya mtoto mdogo aliyerithi ufalme, Mfalme Maciuś, na watoto wa Polandi huisoma hata leo. Kwa fikira zake, mtoto ni mtu kamili siku ya leo, wala si mtu wa kungojewa mpaka akue.

UKUTA

Vita vilipoingia Polandi mwaka 1939, Wajerumani wa Hitler waliushika mji wa Warsaw. Mwaka wa pili wakaamuru Wayahudi wote wakae katika mitaa michache iliyozungushiwa ukuta. Mahali hapo paliitwa geto. Mwezi Novemba 1940 milango ikafungwa. Ndani yake, katika eneo la kilometa za mraba tatu na kidogo tu, walisongamana watu zaidi ya 400,000, hata ikawa wastani wa watu saba kwa chumba kimoja. Chakula kilichoruhusiwa kuingia hakikumtosha mtu kuishi. Homa ya chawa ikaenea. Kabla ya katikati ya mwaka 1942, watu wapata 83,000 walikuwa wamekwisha kufa humo kwa njaa na maradhi.

Vipande vya ukuta huo vimebaki mahali pachache. Kimoja kiko katika ua wa nyumba nambari 55 ya njia ya Sienna, katikati ya nyumba za watu wanaoanika nguo na kuegesha magari yao. Ni ukuta wa matofali mekundu, urefu wake kama mita tatu. Kwa kuutazama tu ni ukuta kama kuta nyingine. Lakini ukisimama karibu nao huoni ng'ambo, ila mbingu tu. Watoto wa daktari hawakuona zaidi ya hapo kwa karibu miaka miwili.

Yatima nao walilazimishwa kuhama Krochmalna, kwa kuwa nyumba yao iliachwa nje ya ukuta. Wakahama tena mara ya pili mwaka 1941, wakafika Sienna. Walikuwa karibu 200. Kila siku daktari, ambaye sasa alikuwa mzee mwenye umri wa miaka zaidi ya sitini, tena mgonjwa, alitoka na kupita huku na huku akiwaombea chakula. Viazi, unga, chochote. Siku nyingine alirudi na kidogo sana.

Katika hali hiyo ndipo ilipoamuliwa kwamba watoto watacheza mchezo.

MCHEZO KUTOKA BARA HINDI

Mchezo waliouchagua haukutungwa Ulaya. Uliandikwa mwaka 1911 na Rabindranath Tagore, mtunzi mkuu wa Bengali katika Bara Hindi, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uandishi mwaka 1913. Jina lake ni Dak Ghar, yaani Nyumba ya Posta.

Tagore alijua ni nini mtoto kufungiwa. Yeye alizaliwa mwaka 1861 katika jumba kubwa la jamaa yake, mtaa wa Jorasanko, mjini Kolkata. Jumba hilo sasa ni nyumba ya makumbusho. Katika kumbukumbu za maisha yake amesimulia jinsi mtumishi mmoja wa nyumbani, ili apate kupumzika na usumbufu wa watoto, alivyomweka mahali pamoja, akamchorea duara sakafuni kwa chaki, akamtisha asivuke. Mtoto aliogopa, akakaa. Lakini karibu yake palikuwa na dirisha, na chini ya dirisha bwawa la maji na mti mkubwa wa mbaniani wenye mizizi inayoning'inia. Basi kutwa nzima alitazama watu wakija kuoga na bata wakiogelea, na ule mti ukawa kwake nchi nzima ya maajabu. Baadaye, alipokuwa mtu mzima, alifiwa na mkewe, na binti yake, na mwanawe mdogo wa kiume, yote hayo kati ya mwaka 1902 na 1907. Miaka michache baada ya misiba hiyo akauandika mchezo huu.

Habari yenyewe ni hii. Kuna mtoto yatima, jina lake Amal, analelewa na mzee Madhav. Mtoto ni mgonjwa, na mganga amekataza kabisa asitoke nje, asiguswe na jua wala upepo. Amal hukaa dirishani. Kila apitaye njiani humwita na kumwuliza habari.

Hupita muuza mtindi na mitungi yake begani. Mtoto amwuliza kwao ni wapi, na yule mtu ajibu kwamba ni mbali, chini ya vilima, kando ya mto. Mara Amal aanza kukieleza kijiji hicho: njia yake ya udongo mwekundu, miti mikubwa ya zamani, ng'ombe wakila majani mlimani, wanawake wakirudi mtoni na mitungi kichwani. Muuza mtindi ashangaa, maana ndivyo kilivyo, na mtoto hajafika huko hata siku moja. Amal amwomba amfundishe ule wito wa kuuzia mtindi. Mwisho yule mtu ampa mtoto mtindi bure, naye aondoka amefurahi, kwa kuwa sasa ameona uzuri katika kazi yake aliyoizoea.

Hupita mlinzi apigaye upatu wa saa. Hupita Sudha, binti mdogo mchuma maua, ambaye aahidi kurudi. Hupita vijana wadogo, na Amal awapa vitu vyake vya kuchezea ili wavichezee hapo mbele yake. Huja mzee mmoja aliyejivika nguo za fakiri, naye amsimulia habari za kisiwa cha kasuku.

Ng'ambo ya njia imefunguliwa nyumba mpya ya posta, bendera inapepea. Amal asikia ni posta ya mfalme. Tangu hapo hutamani jambo moja: mfalme amwandikie barua. Jumbe wa kijiji, mtu mwenye majivuno, amcheka. Amletea karatasi tupu, amwambia kwa dhihaka, hii hapa barua ya mfalme. Lakini yule mzee aishika karatasi ile tupu na kuisoma kana kwamba imeandikwa. Na kabla jumbe hajamaliza kucheka, mlango wabishwa: tarishi wa mfalme kweli amefika, na nyuma yake mganga wa mfalme. Mganga huyu aamuru milango na madirisha yote yafunguliwe. Mtoto aziona nyota. Kisha alala. Sudha arudi na maua kama alivyoahidi, amkuta amelala, amwachia neno la kumwambia atakapoamka, kwamba hakumsahau.

JUMAMOSI TAREHE 18 JULAI

Mchezo ulichezwa nyumbani kwa yatima siku ya Jumamosi, tarehe 18 Julai 1942, wakati wa jioni. Aliyewafundisha watoto ni msichana mmoja kijana aliyekuwa akimsaidia daktari katika kuwauguza wagonjwa. Watu wa geto walialikwa waje bila kiingilio, wakaja, wakajaa ukumbini.

Tazameni basi, wasomaji, mambo yalivyolingana. Jukwaani pana mtoto ambaye hana ruhusa ya kutoka nje. Anayemwigiza naye hana ruhusa ya kutoka nje. Wanaotazama hawana ruhusa ya kutoka nje. Mtoto wa mchezoni ataja vilima, mto na njia nyekundu, na wote walio ukumbini wamefungiwa nyuma ya ukuta. Siku hiyo wote walisafiri pamoja naye.

Inasimuliwa kwamba daktari aliulizwa kwa nini alichagua mchezo huu, naye akajibu kwamba watoto wapaswa kujifunza kukipokea kifo kwa utulivu. Yawezekana. Lakini daktari alikuwa akiandika habari za siku zake katika daftari, na daftari hilo lilipona. Humo aliandika mawazo mengine juu ya mchezo ule. Alijiuliza ingekuwaje kama wachezaji wangeendelea siku ya pili kuwa vile walivyokuwa jukwaani: aliyeigiza fakiri ajidhani fakiri kweli, aliyeigiza mganga awe mganga, na mwingine awe jumbe. Huyo ni mtu aliyeona watoto wake wakiwa, kwa saa moja, watu wenye kazi, wenye akili na wenye maisha mbele yao, wala si midomo ya kulishwa tu.

NJIA YA STAWKI

Siku nne baada ya mchezo, tarehe 22 Julai, amri ilitolewa kuwaondoa Wayahudi katika geto. Waliambiwa wanapelekwa mashariki. Kweli ilikuwa nyingine: magari ya moshi yaliwapeleka Treblinka, mahali palipotengenezwa kwa ajili ya kuua watu. Mpaka tarehe 21 Septemba, watu wapata 265,000 kutoka Warsaw walikuwa wamepelekwa huko.

Mwanzoni mwa Agosti ikawa zamu ya yatima. Korczak alikwisha kupata nafasi za kujificha nje ya ukuta, maana alikuwa na rafiki waliotaka kumwokoa. Alikataa. Walioona wamesimulia kwamba watoto walitoka wakiwa safu kwa safu, wamevaa vizuri, daktari na Bibi Stefania na walezi wengine pamoja nao, wakatembea mpaka kituo cha magari ya moshi katika njia ya Stawki. Hakuna aliyerudi.

Leo mahali pale pana ukuta mweupe wa ukumbusho, uliowekwa mwaka 1988. Umechorwa majina ya kwanza ya watu, zaidi ya 400, kwa taratibu ya alfabeti. Majina ya kwanza tu, kama yale mama aitayo mtoto aingie ndani kula. Magari hupita karibu, na watu huenda kazini.

Treblinka ni mwendo wa kilometa kama 80 kutoka Warsaw, katikati ya msitu wa misonobari. Waliouawa hapo ni wapata 900,000. Wauaji walibomoa kila kitu ili kuficha, kwa hiyo hakuna nyumba ya kutazama. Kuna uwanja, na mawe yapata 17,000 yamesimamishwa kama watu waliosimama kimya. Mengine yana majina ya miji walikotoka wafu, na mengi hayana neno. Ni jiwe moja tu lenye jina la mtu: Janusz Korczak, na chini yake, watoto.

Mjini pia wamemjengea sanamu katika bustani iliyo karibu na lile jumba refu. Iliwekwa mwaka 2006, nayo yamwonyesha daktari pamoja na watoto.

SWALI LETU

Sasa turudi kwenye swali. Mchezo uliwafaa nini?

Haukuwaokoa. Tusidanganyane. Mawazo ya mtoto hayazuii gari la moshi, wala hayageuki kuwa mkate. Daktari alilijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana asubuhi yake aliimalizia katika kuomba unga na viazi. Hakuwapa watoto mchezo badala ya chakula. Alitafuta vyote viwili, kimoja akakipata kwa shida na kingine akakipata ndani ya watoto wenyewe.

Lakini wale waliojenga ukuta walikuwa na kusudi zaidi ya kuzuia miili. Walitaka watu walioko ndani wajione si watu, wasahau kwamba kuna mto, kilima na kesho. Mchezo ule ulilikataa kusudi hilo. Watoto walifanya mazoezi, wakakariri maneno, wakangoja siku kwa hamu. Mtoto anayengoja siku ya mchezo wake bado ana jambo la kesho. Basi mpaka siku ile ya Agosti, waliotembea kwenda Stawki walikuwa watoto kamili, waliopata kuwa fakiri, mchuma maua na mganga wa mfalme.

Nyumbani kwetu, kwa rehema, hatuna ukuta wa namna ile. Lakini tuna watoto wanaolala kitandani miezi kwa ugonjwa, na wengine wasioweza kutembea, ambao dirisha au kizingiti cha mlango ndio ulimwengu wao. Akina mama na akina baba, mtoto wa namna hiyo akiuliza kila apitaye anakwenda wapi na amebeba nini, msimwambie anyamaze. Wapita njia nao wasimame kidogo wamjibu. Na yule mzima anayepika matope katika kifuu, au kupanga magunzi ya mahindi na kuyaita ng'ombe wake, msiyapige teke magunzi yake mkidhani anapoteza wakati. Mwulizeni ng'ombe huyu anaitwa nani, na yule mwekundu atazaa lini. Atawajibu, na huenda mkajifunza kitu, kama alivyojifunza muuza mtindi.